Mashimo ya Bati na Macho ya Fundi Shabani

Nimeacha kazi nikiwa na vidole vyote na macho mawili yanayoona. Kwa mtu aliyekula ujana wake wote akiziba mashimo ya bodi za magari kwa moto, hilo si jambo dogo. Kila asubuhi naamka, nakunja vidole na kuvikunjua, nachungulia dirishani kuona kama mlima Rungwe umefunikwa na ukungu, namshukuru Mungu, halafu narudi kulala. Hii sehemu ya kurudi kulala nimejifunza haraka kuliko kazi yoyote niliyowahi kufundishwa.

Ninyi mliobaki gereji kule Ibighi mmeniomba niandike, na Bupe ameahidi kwamba nikitia chumvi atanisahihisha mbele ya watu. Bupe alikuwepo, kwa hiyo nitajihadhari. Habari za vyeo nitaziruka. Kwetu cheo kilikuwa kimoja tu, kutoka kushika brashi ya waya hadi kushika moto. Mshahara nao nauacha. Hata ulipokuwepo haukupenda kujionyesha.

Nilitoka Ikuti, kwenye migomba ya baba, nikiwa nimevaa shati ambalo mama alilifua na kulipiga pasi kana kwamba nakwenda kuajiriwa benki. Fundi Shabani alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akanipa brashi ya waya na boneti kuukuu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya kiua iliyotobolewa na cheche, na sauti ya taratibu. Babu yake alikuja huku kutoka pande za Lindi na mzigo wa vitambaa, akaoa, akabaki. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Tukuyu, na akitaka kupunguziwa bei ya ndizi sokoni alizungumza Kinyakyusa kunishinda mimi.

"Gonga hilo bati," aliniambia. "Unasikia nini?"

"Nasikia bati, Mzee."

"Basi hujasikia kitu. Gonga tena."

Niligonga mpaka mchana. Kufikia jioni nilikuwa nimeanza kutofautisha sauti ya bati zima na sauti ya bati ambalo kutu imelila kwa ndani huku rangi ikicheka kwa nje. Lile zima linaitika. Lililooza linanyamaza, kama mtu uliyemuuliza jambo asilotaka kulijibu. Shati la mama lilikuwa jekundu kwa kutu, na halikurudi tena kuwa jeupe.

Kutu ndiyo iliyotulisha. Mvua ya Rungwe mnaijua, inanyesha ikiwa na sababu na ikiwa haina. Maji yanaingia chini ya mikeka ya gari, yanakaa, na bati linaliwa polepole bila mtu kuona. Wenye magari walikuja wakiwa wameshajaribu dawa zao wenyewe. Nimetoa kwenye mashimo magunia, sabuni ya mche, maganda ya mgomba yaliyosokotwa, na mara moja soli ya kandambili iliyopakwa rangi kwa ustadi ulionifanya nitamani kumfahamu aliyeipaka.

Fundi Shabani hakuwa na haraka na shimo. Kwanza, alisema, likuze. Kata mpaka ufike kwenye bati safi, hata kama mwenye gari anashika kichwa, maana ukichomelea juu ya kutu umechomelea juu ya unga. Kiraka kikate kwenye bodi kuukuu yenye unene uleule, na kona zake uziviringishe. Usiburute moto kutoka mwanzo hadi mwisho, bati litapinda kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Gusa hapa, hamia upande wa pili, gusa, rudi katikati, subiri lipoe. Vijishimo vidogo vya skrubu na antena havitaki kiraka. Weka kipande cha shaba kwa nyuma, jaza chuma kwa mbele, kisha vuta shaba yako, kwa sababu chuma hakishiki kwenye shaba. Na kabla ya yote hayo, uingize mkono nyuma ya bati ujue kuna nini. Hilo alilirudia kila siku. Akimaliza kulisema alitamka Bismillahi na kuwasha moto.

Miaka ilivyosogea alikuja Bupe kupaka rangi. Mpakaji rangi ndiye hakimu wa fundi bodi. Alikuwa na taa yenye waya mrefu. Aliiweka upande wa ndani wa mlango, akazima taa nyingine za banda, halafu akatazama mahali tulipochomelea. Kama kuna kitundu hata cha ncha ya sindano, mwanga unapenya. Mwanzoni kazi zangu zilikuwa na mwanga mwingi. Kazi za Fundi Shabani zilikuwa giza tupu, na Bupe alikuwa akisema, "Hapa hata Mungu hachungulii."

Ndiyo maana siku aliponiita pembeni kwa sauti ndogo nilidhani kavunja kitu.

"Asajile, njoo uone."

Alikuwa na mlango wa gari dogo la mwalimu mmoja, kazi ya Fundi Shabani ya jana yake. Aliweka taa. Mwanga ulipenya sehemu nyingi, mstari mzima.

"Labda alikuwa amechoka," nilisema.

"Jana alichoka. Wiki iliyopita alichoka. Juzi aliniuliza hili gari ni la kijani au la bluu, nikacheka nikijua ananitania. Hakuwa anatania."

Baada ya hapo nikaanza kuona nilichokuwa sitaki kuona. Akimimina chai alitia kidole ukingoni mwa kikombe ili ajue imejaa. Akipita uani aliburuza mguu kidogo, akitafuta vyuma. Tulijaribu kumuuliza. Nilisema, "Mzee, macho yanaendeleaje?" Akajibu, "Na yako?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Mtauliza kwa nini hatukumwambia wazi. Tulikuwa tunajua kilichompata baba yake. Naye alikuwa fundi chuma, macho yakamwisha, akamaliza maisha yake kwenye kiti mlangoni, akimuuliza kila anayepita, "Wewe ni nani?". Fundi Shabani alitusimulia hilo mara moja tu, na aliposimulia aliacha kula. Kwa hiyo mimi na Bupe tukakubaliana bila hata kukubaliana. Asubuhi tulifika mapema. Nilisaga mistari yake kwa grenda, nikazichomelea upya zile sehemu zilizovuja, Bupe akaweka taa kuhakikisha, na Mzee alipofika tulikuwa tumekaa tunakunywa chai kama watu wasio na habari. Magari yalitoka mazima. Hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Tuliamini tunaweza kwenda hivyo mpaka yeye mwenyewe aamue kupumzika.

Halafu ikaja pikapu ya Lwitiko.

Lwitiko alikuwa anabeba ndizi kutoka Ikuti, kijana wa watu, mchangamfu, asiyeweza kusimama mahali pamoja. Pikapu yake ilikuwa na viti vya nyuma, na ubavuni, chini ya dirisha la nyuma, kulikuwa na shimo la kuingia ngumi. Siku hiyo alikuwa amemtoa mama yake hospitali kule Igogwe, mguu ukiwa umefungwa plasta, na njiani maji yalikuwa yakimrukia bibi huyo ubavuni.

"Mzee shikamoo. Nizibie hili tu, Mzee, mama yangu analoa."

"Marahaba. Lete gari ndani."

Aliliingiza chini ya banda, akateremka, akakimbilia dukani kumnunulia mama yake mkate. Alichotuambia ni kwamba mama yake analoa. Hakutuambia kwamba mama yake yumo garini. Sisi tulidhani amemfikisha nyumbani kwanza.

Mimi na Bupe tulikuwa upande wa pili wa banda tukikata kiraka. Fundi Shabani alifanya kila kitu kama alivyonifundisha. Alienda dirishani akachungulia. Kioo kilikuwa na ukungu, na ndani bibi alikuwa amejifunika blanketi la rangi ya viti, kasinzia. Akaita, "Kuna mtu humu?" Bibi hakusikia vizuri, na mvua ilikuwa inapiga juu ya bati la banda. Akaingiza mkono kwenye shimo, akapapasa nyuma, akakuta chuma kitupu. Kilichokuwa chini zaidi, mkono wake haukukifikia. Bismillahi, akawasha.

Niliinua kichwa kwa sababu ya harufu. Ile si harufu ya rangi inayoungua, hiyo nilishaizoea. Ilikuwa ya plastiki, inayokaba koo. Nikageuka na kuona madirisha ya pikapu yamekuwa meusi, na katikati ya weusi huo, kwenye kioo cha nyuma, kiganja cha mtu.

"Mzee zima! Kuna mtu!"

Sijui nilifikaje. Mlango wa upande wangu ulikuwa umefungwa kwa waya, kazi ya Lwitiko mwenyewe. Nikazunguka. Mlango wa pili ulifunguka, moshi ukanipiga usoni, nikaingiza mikono nikakamata blanketi na kilichokuwemo ndani yake, nikavuta. Plasta iligonga kizingiti cha mlango kwa sauti ambayo hadi leo sipendi kuikumbuka. Nyuma yangu Bupe alikuwa anamwaga ndoo ya mchanga kwenye kiti, halafu maji, halafu mchanga tena. Na Fundi Shabani, lazima niliseme hili, alifunga mitungi yote miwili kwa mpangilio unaotakiwa, kwanza ule wa gesi kisha wa oksijeni, bila kupapasa hata kidogo. Mikono yake haikuhitaji macho.

Tulimkalisha bibi kwenye benchi. Alikohoa muda mrefu, macho yakimtoka machozi, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nikimtazama mikono, uso, nywele. Hakuwa ameungua popote. Pindo la blanketi tu. Plasta ilikuwa na ufa mdogo. Alivuta pumzi, akanishika kichwa kwa kiganja chake cheusi kwa masizi.

"Ndaga fijo, tata," alisema. Asante sana, baba. Mimi, ambaye yeye kwa umri wake angeweza kunizaa mara mbili.

Lwitiko akaja anakimbia, mkate kwapani. Bupe alikuwa ameshang'oa kiti na kuvuta kutoka ndani ya ubavu wa gari kipande kikubwa cha sponji ya godoro, kimeungua nusu, nusu nyingine bado ina kitambaa chenye maua. Lwitiko alikuwa amekisindilia mle kuzuia maji. Bibi alikitazama kile kitambaa, akakohoa, akakitazama tena.

"Lwitiko! Godoro langu!"

"Mama, nilichukua upande mmoja tu…"

"Mwaka mzima nalalia mbao, naambiwa limekatwa na panya!"

Bupe alianza kucheka, na mimi nikacheka, na bibi mwenyewe akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. Lwitiko alisimama na mkate wake, hajui kama alie. Ndipo nilipogundua kwamba mtu mmoja hacheki.

Fundi Shabani alikuwa amekaa juu ya tairi, kofia mkononi. Nilimwendea.

"Asajile," alisema, "ule moshi ulikuwa wa rangi gani?"

Nilitaka kudanganya. Sikuweza.

"Mweusi, Mzee."

"Ulikuwa mwingi?"

"Ulijaa gari zima."

Akatikisa kichwa polepole. "Na mimi nilikuwa nimesimama palepale."

Jioni ile nilimsindikiza nyumbani, na kwa mara ya kwanza alinishika mkono njiani. Mkewe, Bi Zuhura, alitusikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Kumbe yeye alikuwa amembembeleza aende hospitali kwa muda mrefu kuliko tulivyodhani. Wauguzi walishamwambia kuwa ni mtoto wa jicho, kitu kinachotolewa, na kwamba madaktari wa macho huja hospitalini mara moja moja. Mzee alikuwa anakataa.

"Anaogopa kisu," alisema Bi Zuhura. "Mtu anayeyeyusha chuma mchana kutwa, anaogopa kisu kidogo kuliko changu cha vitunguu."

"Si kisu," alisema Mzee. "Naogopa wakishafungua, kisha niwe bado sioni. Sasa hivi angalau sijaambiwa."

Bi Zuhura alichukua kikombe chake, akamjazia chai, akamwekea mkononi. "Utaambiwa," alisema. "Na mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo unapoambiwa."

Madaktari walipokuja tulikwenda naye, mimi, Bupe na Bi Zuhura. Alipasuliwa jicho moja. Kesho yake asubuhi muuguzi alikuja kufungua bandeji, na sisi tulikuwa tumesimama ukutani. Nimesimama mbele ya mitungi ya gesi inayovuja na sikuwahi kuogopa vile. Bandeji ikatoka. Mzee alifumba, akafumbua, akafumba tena. Aliangalia viganja vyake kwanza, mbele na nyuma. Kisha akainua uso.

"Zuhura."

"Abee."

"Umezeeka."

"Na wewe bado hujapewa kioo," alisema Bi Zuhura, akakaa chini sakafuni kabisa, akalia kwa sauti. Muuguzi alimletea kiti lakini hakukihitaji tena. Mimi nilitoka nje nikashika nguzo ya veranda. Bupe alinifuata, akasema macho yangu yameingia vumbi, nikamwambia ndiyo, ingawa mvua ilikuwa inanyesha na hapakuwa na vumbi hadi Mbeya.

Jicho la pili lilifuata baadaye. Aliporudi gereji hakushika kazi siku ya kwanza. Alizunguka tu. Kulikuwa na gari la mwalimu yule, limerudi kurekebishwa taa ya mbele. Alipiga magoti, akafungua mlango, akatazama kwa ndani ule mstari wa kiraka.

"Hii kazi ni ya nani?"

"Yako, Mzee," nilisema.

"Nakuuliza tena."

Bupe ndiye aliyesema. "Ulianza wewe. Asajile akarudia."

Nilisubiri anichape kwa maneno. Alipitisha kidole juu ya mstari, taratibu, mwanzo hadi mwisho.

"Nilikuwa nasikia grenda," alisema. "Nikifika pale kwenye duka la mkaa naisikia. Nikawa nasimama. Namsalimia mwenye duka, namuuliza habari za watoto, za mbuzi, za mkaa wenyewe. Grenda ikinyamaza ndiyo nakuja." Akainuka, akapangusa magoti. "Yule mtu anadhani nampenda sana. Mstari wako ni mzuri, lakini hapa mwisho umesaga mno. Bati limekuwa jembamba."

Alifanya kazi miaka mingine, kisha akapumzika kwa hiari yake, na alipofariki alikuwa mzee wa kweli, nyumbani kwake, akisoma msahafu bila miwani. Mitungi ya gesi tukaipunguza, ikaja mashine ya kuchomelea kwa waya ambayo ninyi ndiyo mnayoijua, yenye moto mdogo na adabu zaidi kwa bati jembamba. Nilinung'unika wiki moja, kisha sikutaka tena kusikia habari za mitungi.

Ila kuna kitu hakikubadilika. Mmekuwa mkinicheka kwa hicho, na sasa mnajua kilikotoka. Kabla moto haujawaka, mtu wa pili, si yule anayechomelea, anafungua milango yote ya gari, anainua viti, anatazama kwa macho na kushika kwa mikono, halafu anasema kwa sauti, "Hakuna mtu, hakuna kitu." Hata gari liwe limefunguliwa lote, hata tundu liwe la skrubu. Msiliache hilo. Mengine yote niliyowafundisha mnaweza kuyapata kwingine.

Mwaka huu daktari wa macho aliniambia kwamba jicho langu la kushoto linaanza kuingia ukungu. Kidogo sana, alisema, unaweza kuendelea na kazi kwa muda tu. Nilimshukuru, nikaenda moja kwa moja gereji, nikamkuta Bupe anakoroga rangi.

"Ijumaa naacha," nilimwambia.

Aliacha kukoroga. Alinitazama usoni, jicho moja, kisha la pili.

"Kweli?"

"Kweli."

Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. Sikumuuliza kama siku hizi naye amekuwa akifika mapema kuweka taa kwenye mistari yangu.

Ijumaa jioni mvua ilikuwa kubwa. Kijana mmoja mwenye gari dogo alisimama akaniita nipande, anaelekea upande wangu. Nikaingia. Hatujafika mbali, maji yakaanza kunidondokea gotini, yakitokea kwenye kona ya mlango.

"Samahani Fundi," alisema kwa aibu. "Hapo kuna katundu. Kesho nikuletee?"

"Mpelekee Bupe," nilisema.

Sikuinama kulitazama. Sikuingiza kidole kujua ukubwa wake. Nilijiegemeza kitini, maji yakanidondokea gotini mpaka nyumbani, na sikumbuki safari nyingine niliyoifurahia kama ile.